Mlima Tusioweza Kuupanda Leo

Masomo: Yeremia 32:6-15, Luka 14:28-30, Marko 9:2-18



Sisi wa Uvira jua letu hutua mapema. Asubuhi huchomoza upande wa Burundi, juu ya milima iliyo nyuma ya Bujumbura, likatupiga usoni kupitia ziwa. Jioni, kabla saa haijatimia, milima ya Mitumba huwa imeshalimeza. Wenzetu wa ng'ambo bado wanaanua nguo zilizokauka, sisi huku tumeshaanza kutafuta kiberiti. Ndiyo maana mtoto wa hapa huujua mlima kwanza kwa kivuli chake.

Majuma matatu yaliyopita, baada ya ibada, vijana wanane wa kwaya walinisubiri mlangoni. Aliyetangulizwa kusema alikuwa amekunja karatasi mkononi.

"Pasta, tuna ombi. Lakini usitucheke."

Walitaka kupanga matembezi ya siku nzima. Kupanda kwa mgongo ulio kati ya mto Kavimvira na mto Mulongwe, kupita vilele vitatu kwa mfululizo, kulizunguka bonde la Mulongwe kwa juu, kisha kushuka upande wa pili, katikati ya Mulongwe na Kalimabenge, na kuwa nyumbani kabla ya giza. Mmoja wao aliuchora mzunguko ule hewani kwa kidole, akasema unafanana na ngata: duara ambalo mama hulikunja kwa kitenge na kuliweka kichwani kabla ya kupandisha mzigo.

Sikucheka. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu nadhani kuliwaumiza zaidi. Nani asiyejua hali ya milima yetu? Kwa miaka mingi njia za huko juu zimekuwa za watu wenye silaha, na kila aliyeshuka kutoka huko na godoro kichwani ameshuka na hadithi. Desemba 2025 vita viliingia ndani ya mji wenyewe, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Burundi. Kwaya yetu peke yake ilipoteza sauti sita, na sauti nne kati ya hizo bado hazijarudi.

Kijana akaelewa nilichokuwa nawaza. "Hatusemi twende, Pasta. Tunajua. Tunataka kuupanga tu."

Nikawajibu kama mtu mzima anavyojibu akiwa amechoka. Niliwaambia kwamba kupanga safari isiyowezekana ni kujitonesha kidonda. Wakaitikia kwa adabu, wakakunja karatasi yao, wakaondoka. Nami nikaenda nyumbani kuandaa somo la juma lililofuata, na somo lenyewe lilikuwa Yeremia sura ya 32.

Shamba lililo mikononi mwa adui

Mnaikumbuka habari ile. Ni mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, njaa iko mlangoni, na Yeremia mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi kwa sababu alisema wazi kwamba mji utatekwa. Hapo ndipo binamu yake, Hanameli, anapomjia na pendekezo la ajabu: ninunulie shamba langu la Anathothi. Anathothi ni kijiji cha nyumbani kwao, mwendo mfupi kaskazini mwa mji. Kwa maneno mengine, shamba hilo liko nje ya kuta, upande walikopiga kambi wanajeshi. Hakuna wa kulilima wala wa kwenda hata kulitazama. Mtu mwenye akili zake angesema: rudi na maneno yako, tutaongea vita vikiisha.

Yeremia analinunua.

Namna alivyolinunua ndiyo iliyonishika usiku ule. Nabii huyu alikuwa na machozi mengi, angeweza kulia tu. Angeweza kutoa unabii mzuri kuhusu kesho, watu wakasema amina. Badala yake anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi waone na watie sahihi. Kuna nakala iliyofungwa na nakala iliyo wazi. Anamkabidhi mwandishi wake Baruku zote mbili mbele ya watu na kumwagiza aziweke katika chombo cha udongo, ili zikae siku nyingi. Ndipo anapolitoa neno la Bwana kwamba nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile.

Angalieni mpangilio wake. Mizani ilitangulia, kisha wino, kisha mashahidi, kisha chungu. Unabii ukaja mwisho, umekaa juu ya hesabu kama mzigo unavyokaa juu ya ngata.

Nilijiona mdogo. Vijana wale walikuwa wameniletea hati, nami nikawarudisha na maneno yangu ya busara. Jumatatu asubuhi nilimtuma mwanangu awaite. Tukakaa kwenye jengo la shule ya Jumapili, tukasogeza madawati mawili yakawa meza, tukaitandaza karatasi. Tangu siku hiyo tumekutana mara tano. Ninayowaandikia leo ni yale tuliyojifunza tukiwa tumekaa, kwa maana Bwana Yesu naye, katika Luka 14, anamtaja mjenzi anayeketi kwanza akahesabu gharama kabla hajachimba msingi wa mnara.

Anza na saa ya kurudi

Swali la kwanza vijana walilouliza ni saa ngapi tutaondoka. Nikawaambia tuanze na saa ya kurudi, na nikalazimika kuwaeleza kwa nini.

Nilipokuwa mwanafunzi, nami nilipanda. Tulikuwa kundi la watu kumi na tano, tuna ngoma moja na moyo wa kusifu. Hatukupanga kitu. Tulifika kwenye mgongo wa kwanza saa 9 mchana, tukaliona ziwa lote limelala chini yetu, tukaimba mpaka tukasahau tulikotoka. Mimi ndiye niliyesema, "Bado wimbo mmoja." Nilisema hivyo mara tatu. Tulipoanza kushuka kivuli kilikuwa kimeshatupita, kiko mjini. Tulikuwa na tochi moja. Dada mmoja aliteleza, kifundo cha mguu kikavimba, tukakata miti miwili na kufunga kitenge katikati, tukambeba kama kwenye kipoyi. Tulifika barabarani saa 4 usiku. Wazazi walikuwa wamekusanyika kanisani na taa, na baba wa yule dada hakunitukana. Alinitazama tu. Ningependa angenitukana.

Wahenga walishasema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kila mtu anaijua methali hiyo, lakini ni wachache wanaoitumia wanapopanga. Anayekwenda na kurudi kwa njia moja huweza kugeuka popote. Anayezunguka ana mahali fulani kwenye duara ambapo kugeuka ni mbali sawa na kuendelea, na akishapita hapo mlima ndio unaomwamulia. Basi tukaliandika jambo hilo kabla ya mengine yote: asiyefika kilele cha pili ifikapo saa 4 na nusu asubuhi, anageuka, hata kama cha tatu anakiona kwa macho. Na atakayesema "bado wimbo mmoja" atakuwa amekiuka agizo la Pasta, kwa maana Pasta mwenyewe ndiye aliyelipia somo hilo.

Petro naye alitaka wimbo mmoja zaidi. Juu ya mlima, alipomwona Bwana ameng'aa pamoja na Musa na Eliya, alitaka kujenga vibanda vitatu wakae. Marko anasema hakujua la kusema, kwa kuwa walikuwa wameshikwa na hofu. Bwana hakumkemea, lakini hakukaa. Alishuka nao, na pale chini palikuwa na baba mmoja amemshika mwanawe mgonjwa, amesubiri. Utukufu wa juu ulikuwa na miadi chini, na miadi ile ingeharibika kama wangejenga vibanda. Mimi nadhani maisha mengi ya kiroho hapa kwetu yanakwama kwenye hatua hiyo. Tunajua kupanda kwa mfungo na mkesha. Hatupangi tutashukaje, na nani atakuwa anatusubiri huko chini.

Hesabu

Kijana mmoja anayesoma jiografia alikuja na ramani kwenye simu, ile inayoonyesha kimo kwa mistari. Ziwa letu liko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Milima iliyo nyuma ya mji inapita mita 2,000, na kule ndani, kwenye safu ya Itombwe, inapita 3,000. Upande wa pili, chini ya maji, Tanganyika ina kina kinachofika mita 1,470. Ni ziwa moja tu duniani, Baikal, linaloizidi. Akatueleza kwamba hapa ardhi ilipasuka, katikati ikazama, kingo zikabaki juu. Ndiyo sababu miteremko yetu haina subira: hatua chache kutoka barabarani, tayari unapanda. Tunaishi kwenye ukingo wa ufa, na miguu yetu inalijua jambo hilo kabla ya vitabu.

Akatufundisha pia kanuni aliyoiacha mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, mwaka 1892. Kwa vipimo vyetu inakuja hivi: saa moja kwa kila kilomita 5 za kutembea, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Tukakadiria mzunguko wetu kuwa kilomita 16, na kupanda kote tukijumlisha mabonde kuwa mita 1,400. Kilomita zinatupa saa 3 na dakika 12. Kimo kinatupa saa 2 na dakika 20. Jumla ni saa 5 na dakika 32.

Wakafurahi. Nikawaomba wasifurahi upesi. Naismith hakuwa na alto wawili wenye pumu wala mpiga ngoma anayebeba ngoma. Kundi hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Tukaongeza nusu, ikawa zaidi kidogo ya saa 8. Tukaongeza saa moja na nusu ya kula, kupumzika na kuomba. Tukafika saa 9 na dakika 48. Tukiondoka saa 11 alfajiri, tunafika saa 9 kasoro mchana, na akiba ya mwanga ya zaidi ya saa mbili kabla kivuli cha mlima hakijatufikia.

Akiba hiyo walitaka kuila. Mmoja alisema kwa saa mbili tungeongeza kilele cha nne. Nikawauliza: kule nyumbani, mama yenu hupika unga wote ulio ndani ya debe? Wakaiacha.

Maji yakawa lita 3 kwa kila mmoja, kwa sababu mgongoni hakuna mto. Mito yetu hukimbilia chini upesi kama sisi sote. Chakula: maandazi, ndizi, karanga, ndagala za kukaanga zisizoharibika kwa jua. Mtu akiona haya ni mambo ya tumbo yasiyostahili tafakari, amsome Eliya katika 1 Wafalme 19. Amekata tamaa, amelala chini ya mti, anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamwekea mkate na mtungi wa maji, mara mbili, na kumwambia ale kwa kuwa safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Mbinguni nao walipiga hesabu ya mwendo mpaka Horebu.

Mwezi gani?

Hapo palizuka ubishi mrefu. Kundi moja lilitaka Jumatatu ya Pasaka, kwa ajili ya wale wawili waliokuwa wakienda Emau. Ni wazo zuri kwa mhubiri, ni baya kwa mguu. Pasaka huangukia mara nyingi Aprili, na Aprili yetu si ya kutaniwa. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha huko juu, Mulongwe ukashuka na mawe na miti, ukapita ndani ya nyumba za watu waliolala. Tulizika makumi ya watu. Wengi wetu tunaujua mto huo kama jirani tuliyemzoea, mpaka alipoingia bila kubisha.

Halafu kuna radi. Mwaka 2016 wataalamu waliopima radi za dunia kwa satelaiti walichapisha matokeo yao: sehemu inayopigwa kuliko zote ni ziwa Maracaibo huko Venezuela, na ya pili ni Kabare, hapa hapa kwetu Kivu Kusini. Mtu aliyesimama kwenye mgongo mtupu alasiri ya Aprili ndiye mti mrefu kuliko yote. Tukaandika Julai. Kiangazi kitatupa vumbi na ukungu mkavu, huenda Bujumbura tusiione, na majani yaliyoungua yatatupaka masizi miguuni. Tutarudi tumechafuka, lakini tutarudi.

Waulize wanaobeba mzigo

Mkutano wa nne ndio uliobadilisha kila kitu. Nilimwalika mama mmoja wa kanisa letu. Alishuka kutoka milimani kwa sababu ya vita, na sasa anauza makaa kando ya barabara. Vijana walimwonyesha mstari wao kwenye simu. Aliutazama muda mrefu, akigeuza simu kama mtu anayetazama picha ya ndugu aliyekua.

"Wanangu, hiki mnachokiita kilele cha pili si kilele. Ni bega. Kilele kiko nyuma yake, hamtakiona mpaka mmefika hapo na mmeshachoka."

Wakamuuliza ni umbali gani kutoka begani hadi kileleni. Hakusema kilomita. Alisema, "Ni kutua mara nne." Alimaanisha kutua mzigo: unatembea mpaka shingo inakataa, unatua, unapumua, unajitwika. Mara nne. Kijana wa jiografia aliandika pembeni mwa hesabu zake, kwa herufi kubwa, KUTUA 4, na nadhani ni kipimo sahihi kuliko vyote vilivyo kwenye karatasi ile.

Nikakumbuka kwamba kosa la kutowauliza wenyeji lina historia ndefu hapa kwetu. Aprili 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitafuta jambo moja: mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Wana wa chifu wa hapa wakawaambia unaingia. Wageni hawakuweza kufika mdomoni mwa mto wakaone wenyewe, na huko Ulaya mabishano yakaendelea kwa miaka, mpaka Livingstone na Stanley walipokuja Novemba 1871 na kukuta kwamba mto unaingia. Miaka 13 ya ubishi, na jibu lilikuwa limeshatolewa ufukweni tangu mwanzo na watu waliokuwa wakioga humo.

Vijana wakamuuliza mama yule kama wao, wabebaji, huzunguka hivyo. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Sisi hatuzunguki. Mzigo haupendi njia ngeni." Nikaona aibu kidogo kwa ajili yetu sote. Tulikuwa tumekaa tunapanga kwa furaha kutembea mikono mitupu, mahali ambapo yeye kwa miaka alipanda na kushuka akiwa ameinama. Wako akina mama waliobebwa kwenye njia za milima hii wakiwa na uchungu wa kuzaa. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, alianza kazi katika hospitali ya Lemera, na ni kuwaona akina mama waliofika pale wamechelewa, au wasiofika kabisa, kulikomfanya aende kusomea magonjwa ya wanawake. Mlima wa matembezi na mlima wa mateso ni mlima uleule. Anayeupanda kwa furaha na asikumbuke hilo, ameuona nusu.

Mama yule alikuwa amesimama kuondoka. Akageuka.

"Mkishuka upande wa Kalimabenge, kabla ya kijito cha mwisho, upande wa kushoto, kuna mti wa avoka. Ni wangu. Siku mtakayokwenda, mniangalizie kama bado umesimama."

Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilisikia Hanameli. Nilisikia mtu akiniletea habari za shamba lililo nje ya kuta.

Hati yetu

Tumeubadilisha mzunguko. Ngata yetu sasa imepinda kidogo upande wa kusini ili ipite chini ya mti wa avoka. Imetuongezea dakika 40 pamoja na kusimama hapo kuomba. Tutafika mjini saa 9 na nusu badala ya saa 9 kasoro, na akiba yetu imepungua kwa kiasi hicho. Wote wamekubali kwamba akiba iliwekwa kwa ajili ya mambo ya namna hiyo, si kwa kilele cha nne.

Juma lililopita tuliandika majina. Katibu wa kwaya aliandika 22, la mwisho likiwa langu. Mmoja akasema tumezidisha. Tulio hapa ni 18. Katibu hakuinua kichwa. "Nimewaandika na walioko ng'ambo." Kisha akapiga hesabu ya maji: watu 22, lita 3 kila mmoja, lita 66. Maji ya wasiokuwapo yamo ndani ya hesabu. Maandazi yao yamo. Mahali pao kwenye mstari pamepangwa: soprano huyu katikati kwa sababu ana woga wa mteremko, besi yule nyuma kabisa kwa sababu hachoki.

Wapendwa, mimi ni mchungaji, nimehubiri tumaini mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Lakini lita zile 12 za ziada zilinifundisha ambacho mahubiri yangu hayakunifundisha. Kusema "watarudi, Mungu ni mwema" hakunigharimu kitu, nami nimelisema hilo mlangoni mwa kanisa hata nikiwa nawaza chakula cha mchana. Kuwaandikia maji yao ni jambo lingine. Ni kupima fedha kwenye mizani mbele ya mashahidi. Tumaini la Yeremia lilikuwa na uzito wa shekeli 17, na mtu angeweza kulihakiki.

Nisieleweke vibaya. Siwaambii vijana wapande kesho. Ningekuwa mchungaji mbaya, na ningestahili tena kutazamwa na yule baba. Juu kabisa ya karatasi yetu, kabla ya saa na lita, kuna mstari unaosema hatuondoki mpaka shefu wa kartiye na wale wanaoshuka kila juma na mizigo waseme njia ni salama, pande zote mbili, si mmoja. Huenda Julai hii ikapita. Huenda na ijayo. Yeremia hakuambiwa atalima Anathothi yeye mwenyewe; aliambiwa aiweke hati mahali isipooza, na hatusomi popote kwamba aliwahi kulilima shamba lile. Kupanga vizuri si kumlazimisha Mungu tarehe.

Karatasi tumeiandika nakala mbili. Moja imebandikwa ukutani, wazi, mtu yeyote aisome na kutusahihisha. Nyingine imekunjwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kinachobana, nimeliweka juu kabisa ya kabati la vitabu vya ibada, kwa sababu ziwa limepanda miaka hii na tumejifunza mambo ya kuweka chini. Chungu cha udongo hatukuwa nacho.

Kwa juma hili

Kila nyumba ichague jambo moja jema ambalo kwa sasa haliwezekani: shamba lililoachwa, shule ya mtoto iliyokatizwa, ndugu wa kupatanishwa naye, safari ya kwenda kumwona aliye ng'ambo. Mketi. Mliandike kwa hesabu: gharama, siku, nani atakuwepo, mtarudije. Mwalike mtu mmoja aliyebeba mzigo kwenye njia hiyo awasahihishe. Waandikeni na wasiokuwapo. Kisha muiweke karatasi mahali pakavu.

Tuombe

Ee Bwana, uliyemwagiza mtumishi wako anunue shamba wakati jeshi limelala juu yake, tufundishe kuhesabu bila hofu na kungoja bila uvivu. Walinde walioko ng'ambo ya ziwa na mpaka. Wakumbuke walio milimani usiku huu, wenye silaha na wasio nazo. Mama yetu mwangalizie mti wake. Na siku njia itakapofunguka, tukumbushe kugeuka kwa wakati, utushushe salama kwa wale wanaotusubiri chini. Kwa jina la Yesu. Amina.